Kitalu Namba Tano

Kwa miaka kumi na miwili, mtu yeyote aliyefika kituo cha utafiti wa malisho pale Kongowe, Kibaha, akauliza jambo lolote kuhusu nyasi, alijibiwa: muulizeni Dotto. Mfugaji wa Gwata akitaka kujua nyasi gani huchipua upesi baada ya kukatwa, muulizeni Dotto. Wanafunzi wa chuo wakija na maswali waliyoandikiwa na walimu wao, muulizeni Dotto. Hata Dokta Anselmi mwenyewe, mkuu wa kituo, akipigiwa simu na wakubwa wa Dodoma kuulizwa takwimu, alikuwa anafunika simu kwa kiganja na kuita korido nzima isikie, "Dotto! Namba saba mwaka juzi ilitoa kilo ngapi?" Na Dotto alijibu bila kufungua daftari.

Kisha wakaanza kusema muulizeni Nuria, na huyo Nuria hakuwa amemaliza hata mwaka pale kituoni.

Dotto hakuwa mtu mbaya. Wapo watakaobisha wakifika mwisho wa habari hii, na wabishe. Alizaliwa Magu, dakika ishirini baada ya pacha wake Kulwa, na mama yao alipenda kusema kwamba tangu siku hiyo mtoto yule hakutaka tena kutanguliwa na mtu. Alikuwa na cheti cha mambo ya malisho, cheti tu, si shahada, na mwenye cheti akikaa nyumba moja na wenye shahada hujifunza mapema kwamba heshima yake ataitafuta kwa mikono. Yeye aliitafuta kwa fremu ya chuma ya mita moja kwa mita moja, mkasi, mifuko ya khaki na mizani. Kila masika alifyeka vitalu vya majaribio, akaziacha nyasi zikue wiki kumi, akatupa fremu yake, akakata kila kilichokuwa ndani yake, akakausha kwenye oveni mpaka uzito ukagoma kushuka, akapima, akaandika. Mgongo ulimuuma mwaka mzima, na aliupenda mgongo huo kwa sababu ulikuwa ushahidi.

Nuria alikuja na kibegi cha mgongoni na mashine ndogo ya kuskani picha. Alikuwa na miaka ishirini na saba, shahada ya pili bado mbichi, na adabu zake zilikuwa nzuri kiasi cha kukera. Wiki yake ya kwanza alibisha hodi chumba cha mizani.

"Shikamoo dada Dotto. Naomba nikuonyeshe kitu."

"Marahaba. Onyesha."

Nuria aliweka mezani majani mawili ya nyasi. "Hili la kwanza ni pana na jepesi. Mmea umetumia kidogo kulitengeneza, halafu linadaka jua jingi. Mmea wa namna hii una mbio. Hili la pili ni nene, zito. Litadumu, lakini mwenyewe anakwenda polepole. Ukipima ukubwa wa jani, ukagawa kwa uzito wake likishakauka, unapata namba. Namba ikiwa kubwa, nyasi itakua haraka. Huna haja ya kusubiri wiki kumi. Siku tatu unajua nani atakimbia na nani atachelewa."

"Siku tatu," alisema Dotto.

"Siku tatu, dada."

"Na wiki zangu kumi nizipeleke wapi?"

Nuria alicheka, akidhani ni utani. Dotto alimwangalia akicheka, akaona wivu. Hakuuita kwa jina jingine hata siku ile. Aliujua ulivyo, ulimpanda kifuani ukakaa. Kilichomuuma si kwamba msichana alikuwa anasema upuuzi. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa anasema kweli. Miaka yote Dotto alikuwa akipita kwenye vitalu huku akisugua jani kati ya kidole gumba na cha shahada, na vidole vilimwambia hii itakwenda, hii itasuasua, na havikumdanganya mara nyingi. Alikuwa anakijua kitu hicho kabla Nuria hajavua sare ya shule. Sasa kimekuja kikiwa na jina, na namba, na grafu ya rangi tatu, na yeye Dotto hakuwamo.

Mambo ya chai ndiyo yaliyommaliza. Saa nne kamili Dokta Anselmi alikuwa na desturi ya kubeba kikombe chake na chapati yake hadi meza ya Dotto, wakaongea habari za mvua na za watoto wake waliokuwa Songea. Mwezi wa pili wa Nuria, Dokta alipita na kikombe mlangoni pa chumba cha mizani, akasema "Dotto, habari za asubuhi," akaendelea na safari hadi chumba cha pili. Dotto alimsikia akivuta kiti, halafu akamsikia akisema, "Hebu nionyeshe tena ile grafu." Akainywa chai yake ikiwa imepoa.

"Kipya kinyemi," alimwambia Dulla, dereva wa kituo.

"Ingawa kidonda," alijibu Dulla, ambaye alipenda kumalizia methali za watu. "Lakini sista, yule dogo yuko vizuri. Tusidanganyane."

Dotto hakumsemesha Dulla siku mbili.

Mwishoni mwa Februari Dokta aliwaita wote wawili ofisini. Watu wa Vihingo, kule Kisarawe, walikuwa wamekubali kutoa eneo la shamba la mbegu za malisho. Ingechaguliwa nyasi moja tu kati ya nane zilizokuwa kwenye majaribio kule kule Vihingo, izalishwe mbegu, wagawiwe wakulima. Na shamba lingehitaji msimamizi.

Dotto aliposikia neno hilo alikaa wima. Alikuwa amelisubiri tangu shamba la mbegu lilipokuwa ndoto ya kwenye makaratasi. Msimamizi ana ofisi yake, ana gari, anaandika ripoti kwa jina lake mwenyewe badala ya kuwa mstari wa shukrani mwishoni mwa ripoti za wengine. Hakuna mwenye cheti aliyewahi kupewa cheo hicho. Dokta alikuwa amemwambia waziwazi, mwaka juzi, kwamba siku ikifika kitakuwa chake.

"Nilikuwa nimeshaamua," alisema Dokta, akicheza na kalamu. "Lakini sasa nina watu wawili. Kwa hiyo tufanye hivi. Masika haya tunafyeka vitalu vyote siku moja. Baada ya wiki tatu, kila mmoja atundike orodha yake ubaoni, ipi itaongoza na ipi itashika mkia. Dotto kwa uzoefu, Nuria kwa majani. Wiki ya kumi tunakata na kupima. Atakayeitaja nyasi ya kwanza ndiye atakayesimamia."

"Dokta," alisema Nuria, "mimi sina shida, dada Dotto ana haki zaidi."

Haki zaidi! Kama mtu anayemwachia mkubwa wake kiti kwenye msiba. Dotto alisema yeye hana haja ya kuachiwa, mashindano na yawe.

Shamba la majaribio la Vihingo lilikuwa na vitalu vinane vilivyopangwa mstari mmoja kutoka mashariki kwenda magharibi, kila aina ya nyasi kitalu chake kimoja tu, maana eneo halikutosha kwa zaidi. Kitalu cha tano ndicho kilichokuwa cha mwisho upande wa magharibi, kwa kuwa namba zilipangwa kwa kura na wala si kwa mfuatano. Dotto alikuwa amevipa majina. Namba mbili alimwita Chapakazi. Namba tano alimwita Mvivu, na kwenye kijikaratasi walichowagawia wakulima miaka kadhaa nyuma alikuwa ameandika mwenyewe: namba tano haifai, isipandwe.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya mzee Kitwana, aliyewaazima. Lakini nyuma ya kitalu cha tano kulikuwa na mkorosho, na mkorosho haukuwa wa mzee Kitwana. Kwa watu wa huku ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Unaweza kurithi shamba usirithi mti uliomo. Mkorosho ule alipandiwa dada yake, Bi Mwanamkuu, na mama yao, na Bi Mwanamkuu alikuwa amesema tangu mwaka wa kwanza kwamba majani yenu limeni mtakavyo, ila atakayegusa tawi langu tutaonana kwa mwenyekiti. Wakati ule mti ulikuwa mdogo, hakuna aliyeona sababu ya kubishana. Miaka ikaenda, mkorosho nao ukatanuka kama mikorosho inavyotanuka, chini na pembeni. Ilipofika saa nane mchana kivuli chake kiliingia kitalu cha tano, na saa tisa kilikuwa kimekifunika chote. Asubuhi usingejua. Na kazi zote za kule zilifanyika asubuhi.

Dotto alijua. Hapo ndipo alipokaa kula chakula chake kila alipobaki peke yake hadi alasiri.

Siku ya kuchuma majani walipita Mlandizi, wakashika njia ya Mzenga, tope mpaka kwenye vioo, wakafika Vihingo saa tatu na nusu. Jua la Aprili lilikuwa limetoka baada ya mvua ya usiku, na vitalu vyote vinane vilikuwa vinang'aa. Nuria alifanya kazi kwa utaratibu. Kila kitalu majani ishirini, akiyafunga kwenye karatasi iliyoloweshwa na kuyapanga ndani ya deli la barafu yasinyauke. Dotto alibeba mkasi na kumwangalia, akitafuta kosa. Hakuliona.

"Cha muhimu ni jani liwe limekulia juani," alieleza Nuria, bila kuulizwa, kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake. "La kivulini linadanganya, dada. Likikosa jua linajitanua, linakuwa jepesi kuliko asili yake. Ukilipima unasema huyu ana mbio, kumbe ana njaa ya mwanga." Akasimama, akanyoosha mgongo, akatazama mstari wa vitalu mpaka kwenye mkorosho, ambao muda huo kivuli chake kilikuwa kimelala upande wa pili, mbali. "Hivi vyote vinapata jua sawasawa kutwa nzima?"

Lilikuwa swali la kawaida, na aliyeulizwa alikuwa mtu sahihi. Dotto angeweza kusema, hapana, cha tano kinakosa jua la alasiri. Maneno machache. Aliyapata yote mdomoni, yakiwa yamepangika. Halafu akakumbuka kiti kikivutwa chumba cha pili.

"Sawasawa," alisema.

Nuria akainama kitalu cha tano, akachuma.

Walipokuwa wanafunga deli alikuja Bi Mwanamkuu na sinia la mihogo ya kuchemsha. Walimwamkia, akaitikia shikamoo zao, akawatazama wakikusanya vitu. "Mbona mapema hivi leo? Hamngoji kivuli, wanangu?"

"Leo tuna haraka, bibi," alisema Dotto upesi. "Mvua inarudi, na ile njia unaijua."

Nuria alishukuru kwa mihogo, akala kipande akiwa amesimama. Saa sita walikuwa barabarani. Dotto alikaa mbele na Dulla, akasubiri aone aibu. Mzenga wakapita, aibu haikuja. Iliyokuja ilikuwa raha, raha nyembamba, yenye uchungu ndani yake kama muhogo mbaya, lakini raha.

Ijumaa iliyofuata orodha zilitundikwa ubaoni. Dotto alikuwa ameweka namba mbili kileleni na namba tano mkiani. Nuria alikuwa ameweka namba tano kileleni, na namba mbili ya pili.

"Umeona namba ya tano ilivyokuja juu?" Nuria alimwambia pale ubaoni, macho yanamng'aa. "Nimerudia kupima mara tatu, sikuamini. Dada, pengine hii nyasi tumeionea miaka yote."

"Tutaona," alisema Dotto.

Zile wiki saba za kungoja zilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Nuria hakumpa nafasi ya kumchukia kwa raha. Dotto alipougua malaria, Nuria alimletea uji nyumbani Kongowe, akaosha na vyombo. Alipoondoka Nuria, Dotto alikaa kitandani akijiuliza kwa nini binti huyu asiwe hata na kiburi kidogo, kiburi kiasi tu cha kumsaidia mtu. Wasemao hasidi hana sababu hawajakaa na hasidi. Sababu anazo, tena anazihesabu. Dotto alihesabu chai, alihesabu grafu, alihesabu mara ngapi Dokta alisema "Nuria anasema," na alipopungukiwa alihesabu ule uji.

Wiki ya kumi wakakata. Dotto alitupa fremu, akakata, akakausha, akapima, na hapo tuseme wazi ili asionewe: hakugusa mizani. Hakuna gramu aliyoongeza wala kupunguza. Namba mbili ikaongoza. Namba tano ikashika mkia, mbali kabisa na wenzake.

Lakini hata ushindi ulikuja na mwiba. Dokta alipoweka orodha tatu pamoja, ya Dotto, ya Nuria na ya mizani, kila mtu aliona kitu kile kile. Ukiitoa namba tano, Nuria alikuwa amepatia nyasi zote saba, moja baada ya moja. Dotto alikuwa ameichanganya namba nane na namba tatu.

"Ajabu," alisema Dokta. "Saba kwa saba, halafu moja imeenda kombo kiasi hiki." Hata hivyo masharti yalikuwa masharti. Akampa Dotto mkono mbele ya watu wakati wa chai, akasema barua ya uteuzi ataisaini Jumatatu. Watu wakapiga makofi. Nuria alipiga kuliko wote, kisha akarudi kwenye orodha tatu, akasimama akizitazama kwa muda mrefu, kikombe mkononi.

Ijumaa Nuria aliomba gari akaenda Vihingo. Jumamosi asubuhi Dulla alimkuta Dotto sokoni Kongowe akichagua nyanya.

"Sista, yule dogo ni noma," alisema. "Jana kakaa pale shambani toka saa tatu mpaka saa kumi na moja. Hajala. Kivuli cha ule mkorosho kilipoanza kuingia, kila nusu saa anachomeka kijiti kwenye ukingo wake. Nikamwambia tuondoke, akaniambia bado. Halafu Bi Mwanamkuu akaja wakapiga stori."

"Stori gani?"

"Za kivuli hicho hicho. Bibi akamwambia, kivuli hiki Dotto anakipenda sana, ndipo anapolia chakula chake miaka nenda rudi. Akampeleka na nyuma ya nyumba, kuna hayo majani ya namba tano, bibi aliiba vipandikizi zamani akaotesha. Sista, yamenipita kichwa. Bibi anasema kuyafyeka kunamshinda."

Dotto alilipa nyanya, akaziacha kwenye meza ya muuzaji, ikabidi aitwe arudi kuzichukua. Jumapili kanisani aliimba na kwaya bila kusikia anachoimba. Alikuwa anaandaa majibu. Nuria atasimama, atanyoosha kidole, atasema huyu alinidanganya nilipomuuliza, na Dotto atajibu hivi, na akisema vile atamjibu vile. Kufika jioni alikuwa tayari kwa kila tusi.

Jumatatu saa tatu walikaa watatu ofisini kwa Dokta. Barua ilikuwa mezani, imepigwa chapa, inangoja saini. Nuria aliweka karatasi yenye mchoro wa vijiti vyake na mafungu mawili ya majani, la kitalu cha tano na la nyuma ya nyumba ya Bi Mwanamkuu.

"Dokta, kitalu cha tano kinapoteza jua kuanzia saa nane," alisema. "Ndiyo maana jani lake lilinidanganya. Na ndiyo maana uzito wake uko chini. Hii nyasi si mbovu. Ile ya nyuma ya nyumba iko juani kutwa, na jani lake, ukilipima, linakaa karibu sana na namba mbili. Si ya kwanza, lakini ni nzuri." Hakumtazama Dotto. "Nadhani hakuna aliyekiona hicho kivuli. Kazi zetu kule ni za asubuhi. Hata dada Dotto, kwa jinsi mti unavyokua kidogo kidogo, ni rahisi kabisa kupitiwa."

Dotto alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiki. Msichana alikuwa anajua. Alikuwa ameambiwa na Bi Mwanamkuu kwa mdomo wake, tena alikuwa anakumbuka swali aliloliuliza pale kitaluni na jibu alilopewa. Na alikuwa amekaa hapo, mikono juu ya mapaja, anamfichia. Anamhurumia.

Dokta alikuwa amevua miwani. "Kwa hiyo kijikaratasi chetu, 'namba tano isipandwe', tumewadanganya wakulima."

"Kwa bahati mbaya," alisema Nuria.

"Bahati mbaya, naam." Dokta akashusha pumzi. Alikuwa mtu mwema na hakupenda shari asubuhi. "Dotto, hukukiona, au siyo? Inatokea. Mimi mwenyewe nimekwenda pale mara ngapi, sikukiona. Kijikaratasi tutakirekebisha. Namba mbili bado ni ya kwanza, na wewe ndiye uliyeitaja." Akachukua kalamu, akaivuta barua karibu.

Yalitakiwa maneno mawili tu. Sikukiona, Dokta. Barua ingesainiwa, Vihingo ingekuwa yake, ofisi, gari, ripoti zenye jina lake. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Dotto alifungua mdomo aseme hivyo, na akamwona Nuria akiitikia kwa kichwa polepole, akimtia moyo, kama mwalimu amsaidiaye mtoto kusoma.

Kwamba yeye, Dotto, alikwenda shamba lile miaka kumi na miwili na hakukiona, na huyu amekiona kwa siku moja. Hicho ndicho kitakachoandikwa. Hicho ndicho Dokta atakachoamini kila atakapopita na kikombe chake.

"Nilikiona," alisema.

Kalamu ikasimama.

"Nilikiona kabla wewe Nuria hujakanyaga chuo. Nimekiona kabla ya Bi Mwanamkuu mwenyewe. Siku ile uliponiuliza nilikuwa ninajua kitaingia saa ngapi na kitaishia wapi, na nikakwambia jua ni sawasawa. Nilikuwa nataka ukosee." Alisikia sauti yake ikipanda, hakuizuia. "Usimwambie Dokta nilipitiwa. Mimi sipitiwi."

Dokta Anselmi alimtazama. Kisha akafunika kalamu, akaikunja barua mara mbili, akaifungia kwenye droo.

Ni Nuria aliyezungumza. Alikuwa amefungua daftari ukurasa mpya.

"Kilianza kuingia mwaka gani?" aliuliza.

"Unataka nini?"

"Kama unajua kiliingia lini na kilisogea vipi, uzito wa miaka yote tunaweza kuurekebisha. Kama hujui, basi."

Dotto aliangalia daftari, na mkono uliokuwa unasubiri juu yake.

"Najua," alisema. "Mwaka wa tano wa majaribio, masika. Kiligusa ukingo wa magharibi saa tisa na nusu, hatua moja. Mwaka wa sita hatua mbili, saa tisa kasoro robo. Wa saba..." Akasogeza kiti karibu ili aone anachoandika. "Hapana. Nimesema kasoro robo. Futa hapo, andika vizuri."